Niliifuata "Survival" hadi Iringa

KAMA hujawahi kusimama stendi ya mabasi Mbeya saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, basi ndugu msomaji usije ukamwambia mtu kwamba unaijua baridi. Meno yanagongana bila ruhusa yako. Siku hiyo nilikuwa nimevaa makoti mawili na kukumbatia debe la biskuti, lile la bati la pembe nne, limefungwa kamba ya katani, nasubiri basi la Iringa. Kondakta akalitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kudanganywa na abiria wengi.

"Humo mna dagaa?"

"Hapana kaka. Mna Bob Marley."

"Basi naye akate tiketi," akasema. Watu wakacheka, mambo yakaisha. Debe likapanda bure, nikalipakata mapajani kilomita zote mia tatu na ushee.

Ndani mlikuwa na kanda za kaseti 41, zote za The Wailers. Au tuseme, zote zimeandikwa hivyo.

Niache nijieleze kabla hujanicheka. Mimi si rasta. Nywele zangu fupi, sivuti kitu, ingawa mama mwenye nyumba wangu pale Soweto (Soweto ya Mbeya, siyo ile ya kina Mandela) alipoiona picha ya Bob ukutani aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Ugonjwa wangu ni mmoja tu, kukusanya chochote kinachohusu lile kundi. Kanda, santuri, vitabu, kalenda, beji, fulana. Washikaji wa kijiweni Mwanjelwa wanasema nimechizika, kwa sababu siku hizi mtu akitaka muziki anagusa simu, kazi imekwisha. Sibishani nao. Simu ina nyimbo zote, lakini simu haina historia ya mtu yeyote.

Fulana ninazo tisa, zote za mitumba. Moja imeandikwa kwa Kizungu kwamba ni ya ziara ya dunia ya mwaka 1984. Bob alifariki Mei 11, 1981 kule Miami akiwa na miaka 36, sasa hiyo ziara aliifanya na nani? Nimeiweka hivyo hivyo. Uongo nao ni sehemu ya mkusanyiko.

Kwenye kanda ndiko kuna vituko zaidi. Ninayo moja imeandikwa "Bob Marley Vol. 6", ukiiweka anaimba Lucky Dube wa Afrika Kusini mwanzo hadi mwisho. Nyingine inaanza na "Don't Worry, Be Happy", wimbo ambao nusu ya mji wa Mbeya itakuapia kuwa ni wa Bob. Ni wa Mmarekani anaitwa Bobby McFerrin, ulitoka 1988, Bob akiwa na miaka saba kaburini. Nimewahi kukosa chai ya bure kwa kulisema hilo kijiweni.

Kwao kila kitu ni Bob. Wakati kundi lilianza 1963 kule Kingston, Jamaika, likiwa genge la vijana waimbaji, na waliodumu ni watatu: Bob, Peter Tosh na Bunny Wailer. Albamu mbili za mwaka 1973, "Catch a Fire" na "Burnin'", jina lililoandikwa ni The Wailers tu. Tosh na Bunny walipojitoa ndipo likaja Bob Marley and the Wailers, kuanzia "Natty Dread" ya 1974. Lile besi linalokutikisa kifua ni la Aston Barrett, "Family Man", na ngoma ni za mdogo wake, Carlton. Siku Family Man alipofariki, Februari 2024, niliwatangazia kijiweni kwa huzuni kabisa. Wakaniuliza alikuwa anachezea timu gani.

Basi bwana, mkusanyaji naye ana ndoto zake. Yangu ni "Catch a Fire" ya toleo la kwanza, ambayo jalada lake lilikatwa mfano wa kiberiti cha gesi cha Zippo, unalifunua juu kama kiberiti chenyewe. Lilikuwa na gharama na usumbufu kulitengeneza, wakaachana nalo, wakaweka picha ya Bob anavuta msokoto. Mwenye lile la kiberiti leo ana hela zimelala kabatini. Huko Los Angeles kuna Mmarekani, Roger Steffens, ambaye kwa miaka mingi vitu vyake vya reggae vilijaza vyumba sita vya nyumba yake. Mimi nina chumba kimoja, na jiko la gesi limo humo humo. Kitabu cha Timothy White cha 1983, nacho kinaitwa "Catch a Fire", nilikiokota kwa muuza vitabu vya mitumba amekipanga na vitabu vya mapishi, nadhani kwa sababu ya hilo neno la moto. Nakisoma kamusi ikiwa pembeni. Kiingereza cha fomu foo, msomaji, unakijua.

Ugonjwa wenyewe nimeurithi. Baba yangu mdogo alikuwa utingo, baadaye dereva wa malori ya Zambia, miaka ya themanini mwishoni na tisini mwanzoni. Redio ilikuwa moja tu Tanzania Bara nzima, Redio Tanzania Dar es Salaam, na wao ndio waliamua leo utasikia nini. Dereva aliyekuwa na redio kaseti kwenye kebini alikuwa na kituo chake mwenyewe. Kila kanda yake aliipa namba kwa wino mwekundu. Alifariki 2009, mimi nikiwa darasa la tano. Viatu vyake navikumbuka, harufu ya dizeli naikumbuka. Sauti siikumbuki. Nimejaribu usiku, taa imezimwa, haiji.

Nilipomaliza kidato cha nne nikapita Igurusi kumsalimia mama mdogo. Igurusi iko bonde la Usangu, njia hii hii ya Iringa, kwenye mpunga. Nafika shambani naona nyuzi nyeusi zimevutwa kutoka mti hadi mti, zinameta juani, upepo ukizipiga zinavuma. Kumbe ni utepe wa kaseti! Wale ndege wanaoitwa kwelea kwelea hawana utani na mpunga, na utepe wa kaseti unawatisha kweli. Nikaokota ganda tupu chini ya mti: "Exodus". Yaani albamu nzima ya 1977 imeajiriwa kufukuza ndege. Nilichoka mwenyewe. Kanda ishirini na kitu zilikuwa zimekwisha kwa mtindo huo.

"Ulitaka wale ndege nao niwafukuze kwa maombi?" mama mdogo akaniuliza.

Tukafanya biashara. Mimi nilete vyandarua chakavu na utepe wa kununua, yeye anipe zilizobaki na debe lake. Nikiwa naondoka akanishika mkono. "Ila ile ya ishirini na saba usiichezee ovyo. Humo mna sauti ya baba yako mdogo."

Hapa panataka maelezo kidogo, hasa kwa wadogo zangu mliozaliwa na simu mkononi. Kanda namba 27 ni "Survival", ya mwaka 1979. Ina nyimbo kumi, tano kila upande, na yote haifiki dakika arobaini. Ukiirekodi kwenye kanda ya dakika sitini, kila upande unabakiwa na kama dakika kumi tupu. Watu walijazia wimbo mwingine wowote. Baba mdogo, upande wa pili, alijazia barua. Simu zilikuwa za kwenda kupanga foleni posta, kwa hiyo dereva akikwama mpakani alibonyeza kitufe chekundu, akaongea, kanda akampa mwenzake anayerudi. Mama mdogo aliisikiliza mara moja tu, na alichokumbuka ni kwamba ilihusu mbolea.

Niliiweka usiku huo huo. Zikaja nyimbo nne za upande wa pili, ikaja ya tano, "Wake Up and Live", na katikati sauti ikaanza kuvutika kama mlevi anayetafuta mlango. Halafu kimya. Redio ilikuwa imemeza utepe. Nilivyoutoa ulikuwa umejikunja kama tambi zilizokosa mafuta. Barua ilikuwa mbele ya hapo.

Nililihifadhi lile ganda miaka yote hii, naogopa kumpa fundi wa kubahatisha. Hadi juzijuzi nilipoligeuza kwenye mwanga nikaona kwenye lebo muhuri uliofifia: Mashine Tatu, Iringa, na kwa kalamu, 12/91. Kumbe kanda haikutoka Zambia. Ilirekodiwa njiani. Mshikaji mmoja wa Iringa akaniambia fundi mwenyewe bado yupo, na kwamba santuri ya "Survival" aliwahi kuiona kwake kwa macho yake. Nikaweka elfu sabini kwenye soksi. Ndiyo maana umenikuta stendi alfajiri.

Basi likapita Uyole, jua likatoka Igurusi, nikapunga mkono upande wa kwa mama mdogo ingawa hakuna aliyeniona. Chimala, Igawa. Reli inakuja karibu na barabara, inajificha, inakuja tena.

Hii njia usiione hivi ukadhani ni njia tu. Novemba 11, 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao wenyewe, Waafrika pembeni. Zambia, ambayo mizigo na mafuta yake vilipitia kusini huko, ikabanwa koo. Kilichobaki ni huku kwetu. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Zambia kwenye barabara ya vumbi na tope, milima, makorongo, na wengi walibaki huko huko bondeni na malori yao. Wazungu waliiita njia ya jehanamu. Ndipo ikaja lami, likaja bomba la mafuta mwaka 1968, ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina pamoja na watu wetu na kukabidhiwa 1976. Na huko Mgagao, Kilolo, mkoa wa Iringa, ilikuwepo kambi ya wapiganaji wa ZANU, ambao Oktoba 1975 makamanda wao waliandika tamko lililokuja kumpandisha Mugabe kwenye uongozi wa chama.

Sasa fungua "Survival". Wimbo wa pili, upande wa kwanza, unaitwa "Zimbabwe", na wakati unatoka nchi ya jina hilo ilikuwa bado haijazaliwa. Usiku wa Aprili 17 kuamkia 18, 1980, Wailers wakaupiga uwanja wa Rufaro, Salisbury, bendera mpya inapanda, mabomu ya machozi yanapeperuka hadi jukwaani kwa sababu umati wa nje ulikuwa unasukuma mageti. Kwa hiyo dereva wa Mbeya anayeusikiliza wimbo ule kwenye lori la Zambia alikuwa anapita juu ya sababu yake. Sijui kama baba mdogo alilifikiria hivyo. Huenda alipenda besi tu.

Halafu kuna kitu kinaniudhi. Ile "Legend" ya 1984, inayopigwa kila saluni na kila daladala, ina nyimbo 14, na hakuna hata mmoja kutoka "Survival". Ile albamu aliyotuimbia sisi ndiyo walioiacha nje. Haya, tuendelee na safari.

Makambako tulisimama dakika kumi, nikanywa chai ya moto iliyopoa kabla sijaimaliza. Misitu ya misonobari ya Sao Hill, Mafinga na mbao zake, Ifunda. Nililala kidogo, kichwa juu ya debe.

Iringa mjini hauingii, unaupanda. Unashuka Ipogolo chini kwenye barabara kuu, mto Ruaha Mdogo pale, kisha bajaji inakupandisha kilima injini ikilia kilio cha mbuzi, ukifika juu unakuta mji umekaa kwenye mawe kama umewekwa na mtu. Mashine Tatu palikuwa na kelele. Vijana wauza makava ya simu nikawauliza fundi wa kanda, wakanitazama kama nimeuliza fundi wa pembe za ndovu. Mzee mmoja mshona viatu ndiye aliyenyoosha mkono.

Kibanda kimeandikwa FUNDI REDIO TV PASI. Ndani mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa waya.

"Kamwene," nikajitia Mhehe.

"Kamwene. Wa wapi wewe? Maana hiyo kamwene umeitamka kama umeng'atwa na nyuki."

"Shikamoo baba. Natokea Mbeya."

Nikampa kanda. Akaigeuza, akafika kwenye muhuri, akanyamaza muda mrefu. "Huu muhuri niliuchonga kwa soli ya kandambili," akasema. "Nilikata kidole."

Akanivutia kigoda. Alikuwa na mashine moja ya santuri na deki mbili, mteja anakuja na kanda yake tupu au ananunua kwake, shilingi mia nne analipia na kazi, anarudi kesho yake. Akimaliza anavunja vile vijino viwili vya juu ya kaseti ili mtu asiifute kwa bahati mbaya. (Mjanja akitaka kufuta anabandika selotepu kwenye tundu. Baba mdogo alikuwa mjanja.) Tuseme ukweli, ule ulikuwa wizi mtupu, Wailers hawakupata hata thumni ya Iringa, na sheria ya hakimiliki ya 1999 ilipoanza kuuma mzee alikuwa ameshahamia kwenye pasi. Nilimwuliza kama inamsumbua. Akasema kinachomsumbua ni pasi za Kichina.

Nikasogea kwenye shabaha yangu, kwa sauti ya mtu asiyejali, maana mkusanyaji ukionyesha njaa bei inapanda. "Eti baba, 'Survival' yenyewe unayo? Sahani?"

Akainuka, akachomoa kitu nyuma ya kabati, kimefungwa nailoni mbili. Msomaji, moyo ulinienda mbio. Jalada la bendera! Safu kwa safu, bendera za nchi za Afrika, na ile ya kwetu, kijani, nyeusi, bluu na mistari ya njano, imo. Juu kwenye jina kuna mchoro wa meli ya watumwa, watu wamepangwa kama samaki. Pembe zimeliwa na mende kidogo, lakini rangi bado. Alisema wanawe wote walijifunza bendera kwenye hilo jalada.

"Moja tu ndiyo imenishinda miaka yote. Hii yenye ndege. Nimewauliza hadi walimu."

Hapo nikatamba. "Hiyo si ya Afrika, baba. Ni Papua New Guinea, kule karibu na Australia." Ni bendera pekee pale isiyo ya bara letu. Mzee akaitazama upya kama mgeni aliyekaa sebuleni miaka mingi bila kujitambulisha.

"Nauliza bei," nikasema.

"Bei ya nini?" Akaliminya jalada, likafunguka mdomo. Tupu. "Sahani hamna. Ilichukuliwa na dereva mmoja wa malori ya Zambia, mtu wa Mbeya huko. Alikuwa mteja mzuri. Alisema wana sherehe ya Krismasi, gramafoni ipo, muziki hamna, ataleta wiki ijayo. Mimi jalada nikambania, nikasema hili ndilo litakalomrudisha."

Nilinyamaza. Sitakudanganya, nilinyamaza makusudi. Madereva wa Zambia wa Mbeya walikuwa wengi, nikajifariji, na Krismasi ilikuwa ya wote. Lakini ile tarehe, 12/91, ilikuwa inanitazama kutoka mezani. Na kuna kitu kingine kilinijia kichwani, cheusi, cha mviringo, nilichokiona mara mia pale Igurusi bila kukiona. Nikakifukuza.

Mzee akaanza kazi. Akafungua skrubu tano ndogo, akainua ubavu wa kaseti, akakuta ukungu mweupe kwenye kingo za utepe. Baridi na mvua za Mbeya, hizo. Akaufuta kwa pamba, hata pumzi akaibana. Palipojikunja akapalaza juu ya kioo, akawa anapapiga mgongo wa kijiko taratibu. Sehemu ndogo ilikuwa imekatika kabisa. Nikamtolea selotepu yangu, akaitazama kama nimemtolea nyoka. Gundi ya selotepu inatoka, inanata kwenye hedi, inaua na kanda ya jirani. Yeye alikuwa na utepe wake maalumu wa kuungia, kipande cha mwisho kwenye kopo la Kiwi, akakata mshazari kwa wembe. Sponji ya ndani ilikuwa imeoza, kwa hiyo akavunja kaseti moja ya kwaya iliyoachwa na mteja, akawahamishia Wailers humo. Saa mbili zilikwisha, pasi za watu zinasubiri.

"Sasa tuijaribu hadi mwisho. Kuijaribu nusu ni kujidanganya."

Ningemzuia vipi? Nikatoa simu, nikawasha ya kurekodi, nikaiweka karibu na spika. Wimbo wa mwisho ukapita pale kwenye kiungo na mkwaruzo mdogo tu, ukaisha. Kishindo cha kitufe. Mvua, unaisikia kabisa inapiga turubai. Halafu mtu akakohoa.

Sauti ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Anamsalimia mama mdogo. Anasema yuko Tunduma siku ya nne, foleni haisogei. Hela ya mbolea ameiacha kwa shemeji yake, wasiuze yule ng'ombe. Anamuulizia baba yangu mguu wake unaendeleaje. Anacheka kitu ambacho hakukisema. Mimi nilikuwa nimeinama natazama sakafu, sikutaka mzee anione. Kisha ikaja hii, nakupa kama nilivyoisikia:

"Na ukipita Iringa, pale Mashine Tatu, mlipe yule fundi mia nne yake. Mwambie na sahani yake ninayo, nitairudisha, asinune."

Kishindo. Kimya hadi utepe ukaisha, kitufe kikaruka chenyewe.

Mzee akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Ndiye," akasema. Halafu, "Kumbe hata ile mia nne sikulipwa? Nilikuwa nimeisahau kabisa."

Nikamwambia kila kitu: baba mdogo ni nani kwangu, amefariki lini. Nikatoa soksi, nikamwekea elfu sabini mezani. Akazirudisha kwa kidole kimoja. "Ya kuunga kanda ni elfu tano. Hizi nyingine nikichukua, kesho zimekwisha. Wewe katafute sahani."

"Na jalada, baba?"

"Jalada halisafiri bila sahani. Niliwahi kukosea, sikosei tena."

Nililala gesti ya bei nafuu, kama neno kulala linafaa. Asubuhi kwenye basi mawazo mabaya yalipanda nami. Sahani ikipatikana, na mzee yule umri umekwenda, nani atajua? Mkusanyaji akikosa kitu anaumwa, na akikipata nusu anaumwa zaidi. Ningempigia simu nimwambie haikuonekana, nisubiri, siku moja nikanunue jalada kwa wanawe. Hesabu hizo nilizipiga kutoka Ifunda hadi Igawa, na sijivunii.

Nikashuka Igurusi. Mama mdogo alikuwa uani anapeta mchele. Sikusema kitu, nikawasha simu, nikaiweka juu ya ungo. Mvua ya Tunduma ikaanza. Akasimamisha mikono. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia rudia, nikarudia, akaniambia basi.

"Mia nne!" akasema, anajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilimwambia mimi Iringa siendi. Mpaka leo sijawahi kufika Iringa."

Akainuka, akaenda kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akainua kifuniko. Cheusi, cha mviringo, katikati tundu dogo. Tuliiosha kwa sabuni ya unga na maji vuguvugu, kitambaa laini, tukifuata mviringo. Imepinda kidogo upande mmoja, ina mikwaruzo, karatasi ya katikati imebaki nusu lakini herufi za mwisho za jina zinasomeka. Nikazihesabu nyimbo kwa kufuata mistari mipana inayozitenganisha. Tano.

"Sasa ndoo yangu nitafunika na nini?" akauliza.

Nikampa mfuniko wa debe la biskuti. Ulienea vizuri kuliko ile sahani. Debe langu nikalifunika kwa kanga aliyonipa, sahani katikati ya maboksi mawili yaliyokatwa, nikaenda barabarani. Magari ya Mbeya yanasimama ng'ambo. Sikuvuka.